Mlango Aliouomba Mama

Wengine wakisafiri hurudi na picha zao wenyewe: wamesimama mbele ya jengo refu, mkono kiunoni, macho yamefinywa na jua. Yeye alirudi na bawaba. Alirudi na kona ya ngazi iliyolika kwa nyayo za watu, na kitasa cha shaba kilichong'aa upande mmoja tu, na mlizamu wa bati wa maji ya mvua ulioinama kama mtu anayetema mate. Ukimuuliza mji wenyewe ulikuwaje, alikunja uso akafikiri, kisha akasema, "Madirisha yao yanafunguka kwa ndani." Hiyo ndiyo habari yote uliyopata.

Alikuwa fundi wa cherehani. Duka lililomwajiri liliuza mashine kwa shule za ufundi, magereza na vikundi vya akina mama wa kushona sare, na mashine hizo zilipogoma kwenye miji ya mbali, yeye ndiye aliyepandishwa basi. Mkoba wake wa turubai ulikuwa na bisibisi za kila unene, chupa ya mafuta, mikanda ya akiba na kijaluba cha sindano. Mfuko wa mbele, ambao watu wenye akili timamu huwekea chakula cha njiani, aliwekea kamera. Ilikuwa kamera ndogo nyeusi aliyoinunua ikiwa imeshatumika. Kamba yake ilikatika siku nyingi, naye akaishona upya kwa uzi wa jinzi, mshono wa kwenda na kurudi kama ule wa mikanda ya mabegi ya shule.

Alifanya kazi kwanza. Alilegeza, akasafisha vumbi la pamba lililojibana chini ya sindano, akatia mafuta, akakaza. Wakati mwenye mashine akijaribisha kitambaa, yeye alishatoka nje akawa anazunguka jengo polepole, ameinamisha kichwa, kama mtu aliyedondosha pete.

Siku moja mlinzi wa ofisi fulani alimfuata mpaka chini ya ngazi.

"Mama, hapa picha haziruhusiwi."

"Sipigi hapa, mwanangu. Napiga huu mkono wa ngazi."

"Mkono wa ngazi si uko hapa?"

"Uko. Lakini bosi wako nikimwonyesha, atakuuliza ni wa wapi."

Mlinzi akachungulia kwenye kioo cha kamera. Aliona chuma kilichojikunja mwishoni kama ulimi wa kinyonga, basi. Akarekebisha kofia. "Haya, basi nipige na mimi."

"Watu siwapigi."

"Watu wamekukosea nini?"

"Hawajanikosea. Ila mtu ukimwelekezea kamera ananyoosha shingo, anabana tumbo, anakuwa mtu mwingine. Komeo halibani tumbo."

Mumewe wa zamani alilijua hilo vizuri kuliko yeyote. Enzi za ndoa yao, kila walipofika mahali alisimama mbele ya jengo na kuamuru, "Nipige na jengo!" Picha zikitoka, jengo lilikuwepo, tena limetoka vizuri, ila mume alikuwa sikio moja na bega. Ndoa ilikufa kwa sababu nyingine, nzito zaidi, mojawapo ikiwa kwamba watoto hawakuja. Lakini kila alipowasimulia watu kwa nini alimwacha mkewe, yule bwana alianza na habari ya sikio.

Basi akarudi kwa Mama. Wengine walidhani amerudi kwa aibu, lakini aliingia na mkoba wake wa bisibisi akiwa ameinua kichwa, akachukua chumba cha pembeni, akaanza kumtunza mzee. Walikuwa watatu kwa mama yao. Mkubwa wa kiume alikuwa makamu mkuu wa shule, na kwa sababu hata nyumbani hakuweza kuongea bila kusimama, wote walimwita Makamu. Yeye alikuwa wa pili. Wa mwisho alikuwa binti mpole aliyefanya kazi duka la dawa, na mpaka nywele zinaanza mvi alikuwa bado anaitwa Kitinda.

Makamu ndiye aliyempa dada yake jina la Bawaba. Alitaka kumdhihaki: kwenye harusi moja alimkuta amepiga magoti nyuma ya ukumbi akipiga picha mlango wa stoo, wakati bwana harusi anakata keki. "Mtazameni Bawaba!" akasema mbele za watu. Jina likashika. Naye alilipokea kama mtu anayepokea koti zuri. "Bawaba ndiyo inayobeba mlango," alimjibu. "Wewe ni rangi tu, kaka."

Hapo nyumbani nako hakukusalimika. Alipiga picha ngazi ya mbele iliyomeguka, na lipu iliyovimba chini ya dirisha, na msumari mmoja ukutani uliokuwa haujatundikiwa kitu tangu baba yao afe. Mama alimwangalia akihangaika na kivuli, akamwambia, "Mwanangu, hiyo kona umeipiga mpaka inaona haya."

"Inapendeza, Mama."

"Inapendeza nini? Ni kona."

"Mungu hakuumba kwa jumla jumla, Mama. Alikaa akatengeneza kucha. Akatengeneza kope, moja moja. Na mimi natazama moja moja."

Mama alikuwa mwanamke wa sala, na neno lililomtaja Mungu hakulipuuza. Aliitikia kwa kichwa, akasema, "Na vumbi la hapo chini ya hiyo kona uliangalie moja moja, ufagie."

Walikaa hivyo kwa amani mpaka Mama alipoanza kuchoka. Haukuwa ugonjwa wenye jina kubwa. Alikuwa akipungua tu, kama sabuni. Makamu alipopata habari aliamuru wote wafike siku moja, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi nyumba ikajaa: Makamu na mkewe na watoto wao, Kitinda na mumewe na wa kwao, na mjomba, kaka yake Mama, mzee mwenye sikio moja zima na jingine la mapambo. Walikula, wakaimba, wakagombana kidogo kuhusu dawa, wakapatana. Mama alikuwa amelazwa kwenye kiti kirefu cha sebuleni akiwatazama wanavyopishana. Alasiri, walipoanza kutafuta viatu, alimshika Bawaba mkono.

"Kabla hawajatawanyika, nipigie picha mlango wangu. Niuone wote."

Msomaji mwenye lugha yake ameshajua mtego uko wapi. Mlango ni mbao, na mlango ni watu: wewe na wanao na wa wanao, tawi lenu ndani ya ukoo. Mtu mwingine yeyote katika nyumba ile angeambiwa maneno yale angepiga makofi na kuita watu uani wajipange. Lakini aliyeambiwa ni mwanamke aliyeishi miaka yote akingoja mtu mmoja, walau mmoja, amwombe picha ya kitu anachokipenda yeye. Mama, aliyemcheka kwa kona zake, sasa anataka mlango! Akakimbilia kamera.

Akaanza na bawaba ya juu. Mama alisema wote, na yeye hakuwa mtu wa kupiga kitu kizima, kwa hiyo aliamua kuumaliza kipande kwa kipande: bawaba ya juu, bawaba ya chini yenye skrubu moja isiyofanana na nyingine, komeo, alama nyeusi pale ambapo mikono ilisukuma, kizingiti kilichobonyea katikati. Alikuwa amepiga magoti kwenye kizingiti hicho wakati familia inatoka.

"Shangazi, tupishe," wakasema watoto. Akawapisha.

"Wifi, samahani, tupite," akasema mke wa Makamu. Akampisha.

Makamu mwenyewe alimruka tu. Mjomba alimgonga na fimbo kwa bahati mbaya, akauomba radhi mlango. Kila alipopita mtu, Bawaba alishusha kamera, akangoja kivuli kiondoke, akaendelea. Magari yalipowaka nje, alikuwa kwenye komeo.

Alirudi ndani akiwa amechafuka magoti, akainama kando ya kiti kirefu, akamshikia Mama kile kioo kidogo cha kamera machoni. Mama akatazama ya kwanza. Akatazama ya pili. Kisha akamtazama binti yake.

"Watu wako wapi?"

"Watu gani, Mama?"

"Mlango wangu. Wanangu. Wajukuu."

Bawaba akakitazama tena kile kioo. Alisimama ghafla. "Ngoja niwapigie simu. Hawajafika mbali, ngoja niwarudishe."

Hapo ndipo Mama alipoanza kucheka. Alianza kwa pumzi, kikawa kicheko, kikawa kikohozi, kikarudi kuwa kicheko. Machozi yalimtiririka mpaka kwenye masikio kwa vile alikuwa amelala. "Niliomba mlango," akasema, "nikapewa mlango! Ee Bwana! Waache waende, usiwarudishe, Makamu ataanza hotuba upya. Lete hapa."

"Mama, nimekosea."

"Hujakosea, umesikia. Lete, niuone."

Akaziangalia zote. Aliirudia ile ya skrubu isiyofanana. "Hii aliitia baba yenu. Nyingine ilipotea, akaapa ataitafuta inayofanana. Mpaka anakufa." Akaicheka hiyo nayo, kwa upole. Kisha akairudisha kamera mikononi mwa bintiye, akaikunja mikono hiyo juu yake. "Basi, imetosha. Ndiyo picha yangu hiyo."

Mama hakumaliza mwezi. Mungu amlaze pema.

Aliondoka asubuhi, kati ya kikombe cha uji na sala, bila kumsumbua mtu, na nyumba ikajaa tena kwa mara ya pili. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Ilitakiwa picha ya marehemu, ya kuweka mbele ya jeneza na ya kuchapisha kwenye karatasi za ibada. Makamu akakumbuka ile siku, na maneno ya Mama aliyoyasikia akifunga viatu; alidhani walipigwa wakiwa bado sebuleni na Mama. "Bawaba alipiga picha," akawaambia watu. "Mama mwenyewe alimwomba apige mlango wote. Tutamkata Mama mle, tuitumie."

Bawaba aliitoa kamera akampa. Makamu akapitisha picha moja moja. Bawaba ya juu. Bawaba ya chini. Komeo. Kizingiti. Alifika mwisho, akarudi mwanzo, kama mtu anayedhani amefunguliwa chumba kisicho chake. Mkewe akachungulia begani. "Yesu wangu," akasema. "Ni mlango."

Hakukuwa na picha nyingine yoyote ya karibuni. Bawaba alikuwa na kisigino cha Mama juu ya ngazi, na kiwiko chake dirishani, na kivuli cha kilemba chake ukutani, lakini uso hakuwa nao. Ikabidi wakuze ile ya kitambulisho, ambamo Mama, mwanamke mkunjufu, alionekana kama mtu aliyekamatwa na mali ya wizi. Waombolezaji walipita mbele ya sura hiyo wakilia, na wengine, Mungu awasamehe, waliulizana kwa sauti ya chini kama ndiye yeye.

Bawaba aliyaona yote hayo na yakamchoma. Usilie mbele ya watu kwa sababu ya picha, alijiambia, lia kwa sababu ya Mama. Lakini vilio viwili havikutaka kutengana. Jioni, akifunga nyumba, alipolisukuma komeo aliweka paji la uso juu ya mbao na kukaa hivyo mpaka Kitinda alipokuja kumtoa.

"Dada, waambie tu jinsi Mama alivyocheka. Uliponisimulia mimi nilielewa."

"Nitawaambia wakiniuliza."

"Hawatakuuliza. Makamu ameshaamua."

Ilikuwa kweli. Baada ya mazishi, kabla watu hawajarudi makwao, Makamu aliitisha kikao cha familia sebuleni. Mjomba akawekwa kwenye kiti kirefu kama mwenyekiti. Makamu akasimama katikati ya mkeka, mikono nyuma, na wanawe wenyewe wakanyoosha migongo kwa mazoea.

"Ndugu zangu," akaanza, "mama yetu alikuwa na ombi moja la mwisho. Halikuwa gumu. Aliomba picha ya mlango wake."

"Kweli kuna baridi," akasema mjomba. "Ufungwe."

Kitinda akainuka akaufunga.

"Si huo, mjomba," Makamu akapaza sauti. "Mlango wa ukoo!"

"Hata kama. Upepo hauchagui."

Watoto wakakohoa ili wasicheke. Makamu akawatazama mmoja mmoja mpaka kikohozi kikapona. Kisha akamgeukia dada yake.

"Sote tulikuwepo. Tulipita mbele yako mmoja mmoja, wewe una kamera mkononi. Ukatupisha!"

"Mliniambia niwapishe."

"Ungetuambia tusimame!"

"Wewe, kaka? Nani alishawahi kukwambia simama, ukasimama?"

Mke wa Makamu akaingilia. "Lakini wifi, tuseme ukweli. Kwa akili yako, mtu anayekaribia kuondoka duniani ataomba picha ya mbao?"

"Ningejua anakaribia kuondoka, wifi, nisingepiga picha yoyote. Ningemshika miguu."

Wifi akaliacha hapo. Lakini Makamu alikuwa ameandaa hoja zake, na mwalimu akiandaa hoja haziachi zikaoza. "Alisema, 'niuone wote.' Mlango wa mbao unauona wote wa nini? Kuna siku uliuona nusu?"

"Alisema niuone. Hakusema niwaone. Angetaka watu angesema niwaone."

"Mlango ni u. Uwe wa watu, uwe wa mbao, ni u! Mlango umekuja, mlango umeondoka. Hata mtoto wa darasa la tatu anajua."

"Basi kama ni u kote kote, mimi kosa langu nini?"

"Kosa lako ni kwamba wewe hujui mlango ni nini!" Sauti yake ilipanda mpaka ikavunjika. Alikuwa mtoto wa kwanza wa yule mama, na hakuwa amepata nafasi ya kulia tangu msiba uanze, kwa vile kila dakika alikuwa akipanga viti. Labda ndiyo maana yaliyofuata yalimponyoka. "Utaujuaje? Hujazaa. Wenzako tuna watoto, mlango kwetu ni watu. Kwako wewe ni bawaba na misumari!"

"Kaka!" Kitinda akaita.

Wifi aliutazama mkeka. Bawaba alikuwa amekaa chini, mgongo ukutani, kamera mapajani, vidole vyake vikipitia mshono wa ile kamba mbele na nyuma. Aliposema, alisema taratibu.

"Mlango huo ndio ulionizaa, Makamu. Sikuingilia dirishani."

Makamu akafuta uso kwa leso. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa ameshapanda juu na hakuona ngazi ya kushukia. "Sitaki mabishano. Nataka jambo moja. Sema mbele ya mjomba kwamba ulimkosea Mama, uombe radhi, uiweke hiyo kamera hapa. Yatakuwa yameisha. Ukikataa, kwenye mambo ya mlango huu usihesabike. Tukikaa kikao, usiitwe. Tukipanga jambo, usiulizwe."

Lilikuwa neno dogo tu, *nisameheni*. Alishalisema mara ngapi maishani, kwa watu aliowakanyaga sokoni, kwa wateja ambao mashine zao hazikupona? Alilisikia limekaa tayari nyuma ya meno. Angelisema, wangekumbatiana, wangekunywa chai, na yeye angeitwa kwenye kila kikao mpaka kufa kwake. Kitinda alikuwa akimtazama kwa macho ya kuomba. Lakini aliona kiti kirefu na Mama juu yake, machozi ya kicheko yakimwingia masikioni, na akajua kwamba akilisema neno lile atakuwa anamwambia Mungu kwamba kicheko kile hakikuwepo. Kosa lilikuwepo, ndiyo. Lakini lilikwisha kusamehewa na mwenyewe, kwa mdomo wake, kabla magari hayajakata kona. Nani aliyempa Makamu ruhusa ya kulifufua?

Akawaeleza. Aliwaeleza yote, tangu "watu wako wapi" mpaka skrubu ya baba, na kwamba Mama alicheka, na kwamba alisema ndiyo picha yake. Kitinda alilia waziwazi. Hata wifi alijipangusa. Makamu alisikiliza akiwa ameuma meno.

"Nani shahidi?"

"Tulikuwa Mama na mimi. Na Mungu."

"Vizuri. Mashahidi wako wote hawapo hapa."

Bawaba akainua macho. "Wote, kaka? Mzee wa kanisa mzima?"

Mke wa Makamu akamvuta mumewe shati kwa nyuma.

"Mmoja yupo," Bawaba akasema. "Huyo ndiye wangu. Siombi radhi. Na kamera siiweki. Na hapa sitoki, nimekaa kwa mama yangu."

"Amesemaje?" mjomba akauliza.

"Amekataa," Makamu akamjibu.

"Amekata nini?"

"Tuombe," Makamu akasema kwa uchovu. "Tufunge kikao. Tuombe."

Wakainamisha vichwa. Makamu aliomba kwa sauti ile ile ya mstarini shuleni, sala ndefu. Alimshukuru Mungu kwa maisha ya Mama. Akaiombea nyumba yake mwenyewe, akimtaja mkewe na kila mtoto. Akaiombea nyumba ya Kitinda, mume na watoto. Akamwombea mjomba afya ya masikio. Kisha akavuta pumzi ya kumalizia, na kila mtu pale ndani, huku amefumba macho, alijua ni nani ameachwa.

Kabla amina haijatoka, sauti nyingine ikapanda kutoka chini ukutani, si kubwa, lakini imenyooka.

"Na mimi, Bwana. Binti wa pili wa mama huyu. Nipo hapa. Amehesabu wengine, mimi najihesabu mwenyewe mbele zako. Asante kwa mama aliyenicheka asinikasirikie. Mpumzishe. Na huyu kaka yangu, mpe nafasi alie."

Halafu mjomba, ambaye sikio lake zima lilikuwa upande ule wa ukuta, na ambaye kati ya maneno yote ya siku ile hayo ndiyo aliyoyasikia sawasawa, akapiga fimbo sakafuni. "Amina!" akasema kwa nguvu. Kitinda akaitikia. Watoto wakaitikia, kwa kuwa amina haiachwi peke yake. Wifi akaitikia. Makamu alikuwa wa mwisho, naye haikujulikana kama alisema amina au alisafisha koo.

Hawakupatana siku ile. Vikao viwili vimepita hajaitwa. Kimoja alikisikia kwa Kitinda, akaenda bila kuitwa, akakaa pale pale ukutani, akachangia kwa sauti kuhusu uzio wa kaburi, na katibu hakuandika.

Lakini kanisa lao ni moja. Kila Jumapili, ibada ikiisha, Makamu husimama pale nje kwenye vibaraza pamoja na wazee wenzake na wanafunzi wake, akipokea heshima zake. Na kila Jumapili, kama hayuko safarini kutengeneza cherehani za watu, Bawaba huteremka ngazi taratibu, mkoba begani, hupita katikati ya watu wote wale mpaka mbele ya kaka yake, humtazama usoni, na husema kwa sauti ambayo hata mjomba huisikia:

"Shikamoo, kaka."

Mara ya kwanza Makamu aliangalia juu, chini, pembeni. Wazee walikuwa wakitazama. Wanafunzi wake, ambao yeye mwenyewe huwachapa kwa kutosalimia, walikuwa wakitazama. Shikamoo ilisimama hewani kati yao, na hakuna mtu aliyelelewa na yule mama angeiacha idondoke chini. Mtu asiye wako humwamkii hivyo, kwa neno kaka. Na ukimwitikia, ni wako.

"Marahaba," akasema, kama anayetema kokwa.

"Wanangu hawajambo?"

"Hawajambo."

"Wifi je?"

"Mzima."

"Nisalimie."

Kisha akazunguka nyuma ya kanisa, ambako mvua ya juzi ilikuwa imemenya lipu na kuacha tofali moja wazi, akapiga magoti kwenye matope na gauni lake la ibada. Jumapili iliyofuata alirudi tena mbele yake na shikamoo yake. Na iliyofuata. Jumapili iliyopita Makamu alitoa marahaba kabla dada yake hajafika ngazi ya mwisho.